Mnadi na Sikio la Msikilizaji

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yamkini aliyeitunga methali hii alikuwa amechoshwa na mchuuzi apitaye mlangoni pake akipaza sauti kusifu samaki waliolala. Hata hivyo, si haki kuwahukumu wauzaji wote kwa methali moja. Mwenye bidhaa njema naye hana budi kuitangaza, maana mnunuzi hawezi kununua asichokijua. Kwa hiyo kila soko duniani limekuwa na mnadi wake, na kila mnadi amekuwa na sauti yake. Sokoni jambo hilo halikumdhuru mtu. Aliyetaka kusikia alisimama. Asiyetaka alikwenda zake. Miguu ya msikilizaji ilikuwa ngao ya masikio yake.

Shida ilianza siku mnadi alipopata njia ya kuingia nyumbani bila kubisha hodi. Kijana atazamaye filamu katika simu yake leo huijua shida hiyo. Hadithi imefika mahali pa majonzi, sauti za waigizaji zimeshuka zikawa mnong'ono, naye ameongeza sauti ya simu ili asipitwe na neno. Mara filamu hukatwa, na tangazo la sabuni au la mikopo humvamia kwa kishindo cha radi. Kijana huyo hudhani kuwa amepatwa na jambo jipya. Si jipya. Ni sura ya karibuni ya ugomvi uliodumu karibu miaka 200 baina ya mtu atakaye kusikiwa na mtu atakaye kuachwa. Historia ya ugomvi huo yafaa kujulikana, kwa kuwa ndani yake tutaona ni bidhaa gani hasa inayouzwa.

Tuanze na magazeti. Katika mwaka wa 1833 Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun mjini New York, akaliuza kwa senti moja, hali magazeti mengine ya mji huo yaliuzwa kwa senti sita. Mwaka wa 1836 Émile de Girardin alianzisha La Presse mjini Paris, akawatoza wasomaji faranga 40 kwa mwaka badala ya 80 walizotozwa na wenzake. Mtu aweza kuuliza: mfanya biashara huuzaje kitu kwa bei ndogo hivyo asifilisike? Jibu ni kwamba hakuwa akiuza gazeti tu. Alikuwa akiwauza wasomaji wake kwa wenye maduka. Kadiri gazeti lilivyokuwa rahisi ndivyo wasomaji walivyozidi. Na kadiri wasomaji walivyozidi ndivyo wenye bidhaa walivyokubali kulipa zaidi ili matangazo yao yasomwe. Msomaji, lishike neno hili, maana ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Lakini tangazo la gazetini lilikuwa na adabu moja: lilikuwa bubu. Jicho liliweza kuliruka na kuendelea na safari yake. Sikio halina uwezo huo. Jicho lina kope, sikio halina mlango.

Redio ilipozaliwa, wako waliouona upesi ubaya uliokuwa ukinyemelea. Mwezi wa Februari 1922, katika mkutano wa kwanza wa redio uliofanyika Washington, Herbert Hoover, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Biashara wa Marekani na baadaye akawa Rais, alionya kwamba chombo chenye manufaa makubwa namna hiyo kisiachwe kizame katika porojo za matangazo. Onyo lake halikudumu hata mwaka. Tarehe 28 Agosti 1922, kituo cha WEAF cha New York kilimpa nafasi mtu wa kampuni ya nyumba azungumze kwa muda wa kama dakika kumi, kwa malipo. Aliwasifia wasikilizaji nyumba za Jackson Heights, akawahimiza wautoke msongamano wa mji waende kwenye hewa safi na miti. Ni kichekesho cha historia kwamba tangazo lile, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la redio kulipiwa namna hiyo, liliuza utulivu, nalo likafungua mlango wa makelele.

Uingereza ilichagua njia nyingine. BBC ilianza mwaka wa 1922 ikiwa kampuni, na mwaka wa 1927 ikawa shirika la umma. Haikuuza nafasi za matangazo. Kila mwenye redio alilipa leseni ya shilingi kumi kwa mwaka. Hapa tunaiona ile kanuni kutoka upande wa pili. Utulivu wa msikilizaji wa London haukuwa wa bure, aliununua. Msikilizaji wa New York hakulipa kitu mfukoni, bali alilipa kwa masikio yake. Hata Uingereza yenyewe haikubaki katika njia ile moja. Tarehe 22 Septemba 1955 televisheni ya ITV ilifunguliwa, na tangazo lake la kwanza lilikuwa la dawa ya meno.

Marekani ilikuwa imetangulia kwa miaka 14. Tarehe 1 Julai 1941, kabla ya mchezo wa besiboli kuonyeshwa, kituo kimoja cha televisheni cha New York kilionyesha saa ya Bulova kwa sekunde chache. Sekunde hizo zikazaa dakika, na dakika zikazaa saa nzima nzima za matangazo.

Baadaye mnadi alipanda hata kwenye magari ya abiria. Katika mji wa Washington, kampuni ya mabasi na tramu ilitia redio ndani ya magari yake, zikipiga muziki na kutoa matangazo ya biashara. Abiria wawili walikwenda mahakamani wakasema: sisi tumelipa nauli ili tufike kazini, hatukulipa ili tusikilizishwe, wala hatuwezi kushuka njiani kwa kukimbia sauti. Shauri hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, likaamuliwa mwaka wa 1952. Abiria walishindwa: majaji saba waliikubalia kampuni, na mmoja tu, William Douglas, aliwatetea wale abiria, akishikilia kwamba haki ya mtu kuachwa kwa amani ndiyo chanzo cha uhuru wote. Jaji mwingine, Felix Frankfurter, alijitoa katika shauri hilo. Alieleza kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa walioteswa na redio zile, na hisia zake zilikuwa kali mno hata haingefaa ahukumu. Kila kijana aliyewahi kufunga safari ndefu ndani ya matatu yenye kelele atamwelewa jaji yule bila mkalimani.

Sheria ilipokataa kumlinda msikilizaji, ufundi ulijaribu. Mkuu wa kampuni ya Zenith, Eugene McDonald, aliyachukia matangazo ya televisheni, akaamini kwamba watazamaji hawatayavumilia siku nyingi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1951 alizijaribia familia 300 za Chicago mpango wa kulipia filamu moja moja nyumbani, pasipo matangazo. Mpango haukuenea, lakini mtu akiutazama leo ataona ndani yake mbegu ya huduma za kutiririsha filamu tuzijuazo. McDonald hakukata tamaa. Kama hakuweza kumwondoa mnadi, alitaka angalau kumziba mdomo. Mwaka wa 1955 fundi wake Eugene Polley alitengeneza rimoti isiyo na waya, iliyofanana na bastola. Mtazamaji aliielekeza kwenye pembe za televisheni, na mwali wa taa yake ukazima sauti au kubadilisha stesheni. Kampuni iliisifu hasa kwa uwezo wake wa kunyamazisha matangazo marefu. Ila ilikuwa na kasoro moja: jua likiangaza dirishani liliweza kubadilisha stesheni lenyewe! Mwaka wa 1956 Robert Adler, mzaliwa wa Vienna, aliitengeneza iliyo bora zaidi, yenye nyundo ndogo zilizogonga vijiti vya alumini na kutoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii lakini televisheni iliusikia. Basi rimoti ambayo leo twaitupa juu ya kochi bila kuifikiri, mojawapo ya sababu za kuundwa kwake ilikuwa chuki ya matangazo.

Kisha ikaja mashine ya kurekodi kanda za video. Sony walitoa Betamax mwaka wa 1975, na mwaka uliofuata wakashtakiwa na makampuni ya filamu. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Tangu hapo mtazamaji aliweza kuyapita matangazo mbio kwa kubonyeza kidude kimoja.

Wenye matangazo nao hawakulala. Walijua kwamba wakati wa tangazo watu huenda jikoni kuchukua chai, wakaazimia kuwafuata huko huko kwa sauti. Ujanja wao wataka kuelezwa, kwa maana wengi huusikia lakini wachache huufahamu. Vituo vilikuwa na kikomo cha sauti: kilele chake kisipite kipimo fulani. Matangazo hayakupita kikomo hicho, na kwa maandishi yalikuwa hayana hatia. Lakini katika filamu sauti hupanda na kushuka kama bahari. Kuna mnong'ono, kuna mazungumzo, kisha mara moja moja kuna mlio wa bunduki ufikao kileleni. Fundi wa tangazo alizikamata sauti zote za chini, akazipandisha hadi karibu na kilele, zikakaa huko tangu mwanzo hadi mwisho. Sikio la binadamu halipimi kilele peke yake. Hupima na wastani. Kwa hiyo tangazo lisilovunja sheria lilivunja usingizi wa mtoto.

Malalamiko yalimiminika kwa miaka mingi. Mwaka wa 2006 ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa kishughulikiacho mawasiliano, kilitoa njia ya kupima sauti kama sikio linavyoisikia. Sasa ikawezekana kutunga sheria yenye meno. Mbunge Anna Eshoo wa California alisimamia mswada ambao Rais Barack Obama aliutia sahihi tarehe 15 Desemba 2010, nao ukaanza kutumika tarehe 13 Desemba 2012. Uliagiza kwamba wastani wa sauti ya tangazo usipite ule wa kipindi lililomo.

Je, ugomvi ulikwisha? La. Sheria ile ilitaja televisheni ya hewani, ya waya na ya setilaiti, haikutaja intaneti. Na watazamaji walikuwa wakihamia huko huko. Netflix ilianza kutiririsha filamu mwaka wa 2007, na kwa miaka 15 wateja wake walilipa ada wakatazama bila kukatizwa. Hata hapa Kenya, kuanzia mwaka wa 2021 hadi 2023, kampuni hiyo ilitoa mpango wa bure kwa wenye simu za Android, nao haukuwa na matangazo. Lakini Novemba 2022 ilianzisha katika nchi kadhaa, Marekani ikiwamo, mpango wa bei nafuu wenye matangazo. Mwezi wa Januari 2024 Amazon ilikwenda mbali zaidi: iliwatilia matangazo wateja wa Marekani ambao tayari walikuwa wakilipa, ikawataka waongeze dola 2.99 kwa mwezi wakitaka yaondolewe. Kelele za redio ya mwaka wa 1922 zikawa zimerudi, na safari hii zimeingia hata katika nyumba ya aliyelipa. Jimbo la California lilipitisha mwaka wa 2025 sheria ya kuzishurutisha huduma za kutiririsha zisipaze matangazo kuliko filamu, ikapangiwa kuanza tarehe 1 Julai 2026. Huo ni ushindi mdogo wa sikio, baada ya miaka mia na zaidi.

Wako watumiao programu za kuzuia matangazo, na wako wenye huduma wanaozipiga vita programu hizo, kama YouTube ilivyofanya kwa nguvu mwaka wa 2023. Tusiwe wepesi wa kuhukumu upande mmoja. Mwandishi wa filamu, mpiga picha na mwigizaji wote wana watoto wa kulisha, na kazi yao haina budi kulipwa na mtu fulani. Anayetaka kutazama bila kulipa fedha, bila kulipa ada na bila kusikiliza tangazo, hudai zaidi ya haki yake. Lakini mnadi naye ana mpaka. Kutangaza ni kuomba kusikilizwa. Kupiga makelele ili mtu asiweze kukataa si kuomba tena, ni kunyang'anya.

Tena kuna jambo zito zaidi ya makelele. Kadiri utulivu unavyozidi kuwa bidhaa yenye bei, ndivyo unavyozidi kuwa mali ya wenye nacho. Tajiri hulipa akanyamaziwa. Maskini hukatizwa kila baada ya dakika chache, na mara nyingi bando lake mwenyewe ndilo huliwa na tangazo asilolitaka. Wote wawili wana saa 24 katika siku, lakini mmoja huzitumia apendavyo, na mwingine huuziwa vipande vipande.

Tangu senti moja ya Benjamin Day hadi simu iliyo mkononi mwako, kanuni haikubadilika: kinachotolewa bure kina mnunuzi mahali pengine, na bidhaa ni usikivu wako. Usikivu ndio mtaji wa mwanafunzi. Kwao hujifunza, kwao hufikiri, kwao huota mambo makubwa. Kuuza mtaji si aibu, ikiwa mwenyewe ajua kwamba anauuza na ameijua bei. Aibu ni kuuzwa huku umelala.