Trauti na Maji ya Nairobi

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Lakini ukitaka kumwona trauti, samaki asiyestawi ila katika maji baridi na safi, yakupasa, msomaji, kuuacha mji na kupanda milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare.

Trauti si mwenyeji wa milima hiyo. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, ili samaki wazaliwe katika mto Gura. Mayai hayo yakipata joto hufa. Kwa hiyo ilibidi yatunzwe katika ubaridi tangu melini, na katika reli iliyokuwa imefika Nairobi mwaka 1899. Kutoka hapo kwenda Nyeri hapakuwa na reli bado.

Grogan alikuwa na makao Chiromo, magharibi ya mji, mahali ambapo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndiye yule yule ambaye mwaka 1907 aliwacharaza Waafrika viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa. Usimtenge mvuvi na mcharazaji. Wakikuyu waliokaa chini ya milima ile hawakuwa na desturi ya kula samaki. Trauti aliletwa kwa ajili ya mchezo wa walowezi, wala wenye nchi hawakuulizwa.

Baadaye mji nao ukaihitaji milima. Mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, bwawa la Sasumua lilikamilishwa. Maji yake husafishwa, kisha huteremka kwa bomba hadi Kabete, na kutoka huko huingia majumbani.

Sasa tafakari jambo hili. Mto ulio chini ya bwawa huishi kwa maji yanayoachiliwa. Yakipungua mno, huwa ya vuguvugu, na hewa iliyomo hupungua; hapo trauti hufa mapema kuliko samaki wengi. Hivyo mgeni aliyeletwa kwa anasa ya wachache amekuwa shahidi wa mali ya wote.

Basi, kijana, ufunguapo mfereji, kumbuka kwamba upo mto uliotoa maji hayo, na wako watu wanaokaa kando yake. Walowezi hawakuwauliza. Sisi tusiwasahau.