Picha ya Ghala na Picha Halisi

Mkazi wa Loitokitok hahitaji kusomea upigaji picha ili atambue picha iliyotolewa kwingine. Autazame mlima Kilimanjaro tu. Ukiwa mjini hapa, kilele cha Mawenzi kiko kushoto na Kibo kulia. Ukiwa Moshi, upande wa Tanzania, mambo ni kinyume. Agroveti ikibandika ukutani Kilimanjaro yenye Kibo kushoto, mkulima wa nyanya wa Kimana anaelewa mara moja kwamba mpigapicha alisimama ng'ambo, na kwamba aliyeichagua hakuutazama mlima ulio mlangoni pake.

Picha kama hizo hutoka kwa kampuni zinazokusanya mamilioni ya picha na kuuza haki ya kuzitumia. Getty Images ilianzishwa London mwaka 1995. Shutterstock ilianza mwaka 2003 kwa picha takriban 30,000 ambazo mwanzilishi wake, Jon Oringer, alizipiga mwenyewe. Wapo wanaoziita "picha za akiba", nami sikubaliani nao. Akiba ni kitu ulichojiwekea mwenyewe, na picha hizi hukuziweka wewe. "Picha za ghala" ni jina sahihi zaidi: zilipigwa kabla mnunuzi hajajulikana, na yeyote mwenye pesa anazichukua, akiwemo mshindani wako wa mtaa wa pili. Jina hilo halizidharau. Ukitaka mawingu au sarafu za kupamba ripoti ya mwaka, ghala linatosha.

Ugumu uko kwenye jina la picha zisizo za ghala. Wabunifu wa matangazo hupenda kusema "picha ya asili". Hapa Kajiado neno asili limebeba mzigo. Mwagize mpigapicha kutoka Nairobi alete picha za asili za Loitokitok, na huenda akarudi na morani waliovaa shuka nyekundu, wakiruka, theluji ikiwa nyuma yao. Morani wapo, na heshima yao ni kubwa. Lakini sura ya Mmaasai imeuza bidhaa za wageni kwa miaka mingi, hata Isaac ole Tialolo na wenzake wa Maasai Intellectual Property Initiative wakadai jamii iombwe ruhusa na ifaidike. Tena, kampuni ya mbegu za vitunguu ina wateja wengine kabisa: mama aliyevaa gambuti kwenye mfereji wa maji huko Rombo, kijana mwenye pampu ya dawa mgongoni, wapakiaji wanaopandisha kreti za mbao kwenye lori. Picha ya asili huwasahau hao wote.

Ndiyo maana natetea "picha halisi". Neno halisi halikatazi kupanga. Mpigapicha anaweza kumwomba muuzaji asogee karibu na mlango penye mwanga, au asubiri jua lishuke, na picha ikabaki halisi, maadamu duka ni lake na bidhaa ndizo anazouza. Kipimo changu ni kwamba kampuni iweze kujibu: huyu ni nani, hapa ni wapi, na je, alikubali?

Swali la mwisho lina nguvu ya sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, sura ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Wenye kampuni ndogo wasidhani hayo ni ya Nairobi pekee.

Idhini yenyewe iombwe kwa lugha anayoielewa mhusika, Kimaasai au Kiswahili, na atajiwe mahali picha itakapotumika. Mama wa Rombo aliyekubali kuwekwa kwenye bango la Kitengela hajakubali kuchapishwa kwenye pakiti ya mbegu. Kwa hilo aulizwe upya, na akikataa, pakiti itafutiwe picha nyingine.