Dhahabu ya 1966 na Watu wa Garissa

Benki Kuu ya Kenya ilifungua milango Septemba 1966. Mwaka huo huo zikatoka sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, kwa kuadhimisha miaka yake 75.

Ng'ambo ya Mto Tana, katika Kaskazini Mashariki, mwaka huo una habari nyingine. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Desemba 1963, vita vya Shifta, vya Wasomali wa Kenya waliotaka kujiunga na Somalia, vinaendelea, na serikali ikaanza kuwakusanya wafugaji katika manyatta zilizolindwa na askari. Mfugaji aliyezuiwa kufuata mvua hana mali. Ngamia na ng'ombe walikufa kwa kukosa malisho, wengine wakatwaliwa, na watu waliozoea kulipa mahari kwa ngamia wakabaki kusubiri posho. Mimi siwezi kuusimulia mwaka wa kuzaliwa kwa Benki Kuu nikayaruka hayo. Msingi wa hazina ya taifa ulikuwa ukijengwa Nairobi, na hazina ya Kaskazini Mashariki inateketea nyikani.

Amani kati ya Kenya na Somalia iliafikiwa Arusha Oktoba 1967. Sheria za hatari hazikuondoka. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto na wakazi wakazuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo.

Mwaka 1991 Benki Kuu ilitimiza miaka 25, ikatoa sarafu ya fedha ya shilingi 1,000. Mwishoni mwa mwaka huo ndipo hali ya hatari ilipoondolewa. Mtoto aliyezaliwa manyatta mwaka 1966 alikuwa mtu mzima wa miaka 25 alipoanza kuishi chini ya sheria moja na Mkenya wa Nyeri.

Pesa za Kaskazini Mashariki zilipita soko la mifugo na hawala, yaani utumaji wa pesa kwa mawakala wanaoaminiana. Benki zisizotoza riba, Gulf African na First Community, zilianza kazi nchini mwaka 2008. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala, na familia zilizotegemea ndugu walio ughaibuni zikakatikiwa na riziki kwa miezi.

Sarafu mpya za Desemba 2018 zina twiga, faru, simba na tembo. Benki Kuu ikigonga tena sarafu ya maadhimisho, naomba iweke ngamia, na chini yake mwaka 1966.