Kwale Shingo-Nyekundu

Kelele kali zinazorudiwarudiwa kichakani alfajiri na jioni ni za kwale. Kumwona ni kazi zaidi. Mgongo wake wa kahawia hupotea kwenye majani makavu, lakini akigeuka utaona ngozi tupu iliyoiva kwa wekundu kuzunguka macho na kooni, pamoja na mdomo na miguu ya rangi hiyohiyo. Dume ana vipi miguuni, kama jogoo, navyo ni silaha yake anapopigania eneo.

Mchana hujificha kwenye kivuli. Jua likipungua hutoka wawili wawili au kwa makundi madogo, wakichakura ardhi kutafuta mbegu, mizizi, mchwa na wadudu wengine. Akishtuka hukimbia kwanza. Kuruka ni hatua ya mwisho, nayo haimfikishi mbali. Jike hutaga chini, katika kishimo chenye majani kilichofichwa nyasini, na vifaranga huanza kutembea mara wanapoanguliwa.

Ndege huyu anahitaji mchanganyiko: shamba la mihogo hapa, kichaka kizito pale. Mandhari hayo ndiyo yanayokatwa viwanja pembezoni mwa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Ndiyo maana mabaki ya misitu kama Pande, pori la akiba tangu 1990, yana thamani kubwa kuliko ukubwa wake.

Kumwinda bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ukiona tanzi njiani, mwarifu mhifadhi. Tafadhali usiwaachilie mbwa wako kichakani.