Wimbo wa Kale na Deni Lake

Mwaka 2015 wananchi wa jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, walimchagua Joseph Haule kuwa mbunge wao, naye akawawakilisha hadi mwaka 2020. Vijana walikwisha kumjua zamani kwa jina la Profesa Jay, fundi wa mashairi ya kufokafoka. Sanaa hii iliyofika hata Bungeni ilianzaje kwetu?

Ilianza kwa kuazima. Saleh Jabir, mshindi wa mashindano ya Yo! Rap Bonanza ya mwaka 1991, aliufokea kwa Kiswahili wimbo "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice. Lakini Vanilla Ice naye alikuwa ameazima: mlio wa besi aliutwaa katika "Under Pressure", wimbo wa roki wa mwaka 1981 wa kundi la Queen na David Bowie. Na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946! Basi mlio ule ulizunguka Ulaya na Amerika, ukarudi pwani alikozaliwa mwimbaji wake ukiwa umevikwa Kiswahili. Hapo kwanza Vanilla Ice hakuwataja wenye wimbo. Baadaye majina yao yaliandikwa miongoni mwa watunzi.

Habari hii yatuhusu sana sisi wa mkoa wa Morogoro, kwa maana tunazo nyimbo za kuazimwa. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, lilivuma kwanza katika Morogoro Jazz, kisha katika Super Volcano, na Redio Tanzania ikalifikisha Kilosa na kwingineko. Leo fundi wa studio aweza kukata sekunde chache za gitaa hilo, akazirudiarudia juu ya ngoma za mashine. Sisi hatuoni ubaya; pengine mwanafunzi wa Mikumi asingelisikia kwa njia nyingine. (Ila twaomba lisiharakishwe mno, utamu wake umo katika utulivu.)

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki ya kuombwa idhini kabla wimbo wake haujageuzwa. Lakini mtunzi ni mmoja katika bendi ya watu wengi. Mpiga besi wa "Under Pressure" twamjua: ni John Deacon. Karatasi za santuri zetu hutaja bendi na mtunzi, na mara nyingi mpiga besi hatajwi. Fundi akiukata mlio wa besi hiyo, amwombe nani, na amlipe nani? Huenda warithi wake wanaishi Kilosa hii hii.