Tarakilishi ya Kuvunja

Mwaka 2009 nilifuta hesabu za miaka sita za chama cha shangazi yangu. Michango, mikopo, faini za kuchelewa mkutano, nani amemaliza kulipa na nani bado. Vyote vilikaa kwenye Pentium 4 moja ya mtumba pale sebuleni, iliyofunikwa kitambaa kama kochi. Shuleni tulifunzwa kuiita tarakilishi. Nyumbani ilikuwa tu mashine ya Shangazi.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, somo likitaka Linux, na kompyuta za chuo hazikututosha. Kwa sanduku la posta nilikuwa nimepokea CD ya Ubuntu, zile ambazo Canonical ilikuwa ikitumia watu bure kote duniani, mradi tu uombe. Nikaichomeka. Ikaniuliza kama itumie diski yote. Nikadhani yote maana yake ni nafasi yote iliyobaki.

Shangazi hakunigombeza. Alikaa, akatazama skrini ya rangi ya udongo, akaniuliza, "Sasa mama wa viazi atatuonyesha nini kwamba alimaliza deni lake?"

Adhabu ilikuwa mbili. Kwanza, kila Jumamosi nirudishe hesabu zote kutoka kwenye risiti na daftari za wanachama. Pili, hiyo Linux yangu isiguse mashine yake tena. Ya pili ndiyo iliyoniumiza, maana mtihani ulikuwa unakuja. Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyeninong'onezea: weka VirtualBox.

VirtualBox ni programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye kuwa mbili. Ndani ya dirisha la kawaida unawasha mashine nyingine, nayo inaamini ina prosesa yake, memori yake na diski yake. Kumbe diski hiyo ni faili tu. Ukiharibu, unafuta faili na kuanza upya. Lugha ya kazi hiyo huziita mbili hizi mwenyeji na mgeni, na huo ni uhusiano ambao Mswahili hahitaji kuelezwa. Mgeni anapewa chumba, haingii jikoni.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katikati ya miaka ya 1960, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walitengeneza CP-40, kisha CP-67, mifumo iliyompa kila mtumiaji kitu kilichofanana na mashine yake kamili, ilhali wote walikuwa juu ya mashine moja. Mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Kompyuta ilikuwa ghali mno na watu walikuwa wengi. Yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye kompyuta moja hahitaji kuongezewa maelezo.

Shida ilikuja na prosesa ndogo za Intel, hizi zetu. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walikuwa wameandika masharti ya prosesa inayofaa kubeba wageni. Kwa lugha rahisi, mgeni akijaribu kugusa moyo wa mashine, kengele ilie na mwenyeji aamke. Kwenye prosesa za Intel kulikuwa na amri ambazo hazikuliza kengele yoyote. Zilipita kimyakimya na kuleta jibu lisilo sahihi. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta sokoni njia ya kulikwepa tatizo hilo, lakini msimbo wake ulifungwa na leseni ililipiwa. Mwaka 2003 wasomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kule Uingereza, wakatoa Xen, wazi kwa kila mtu. Ila Xen ya mwanzo ilitaka mgeni mwenyewe abadilishwe kidogo ndipo apokelewe. Linux ilibadilika. Windows, ambayo msimbo wake haukuwa mikononi mwa watu, ingebadilishwa na nani? Hata hivyo ni juu ya Xen ambapo Amazon ilianza kukodisha mashine pepe mwaka 2006, kwa huduma ya EC2 iliyojengwa na timu iliyokuwa Cape Town. Hilo huwa halitajwi sana.

Mwaka huohuo wa 2003, Mfaransa Fabrice Bellard, ambaye pia ndiye aliyeanzisha FFmpeg, alitoa QEMU. Njia yake ilikuwa ya mkalimani: chukua amri za mgeni, zitafsiri kipande kwa kipande, mwenyeji atekeleze tafsiri. Ilikuwa polepole, lakini haikumfukuza mtu mlangoni.

Kisha Intel na AMD wakaongeza uwezo wa kubeba wageni ndani ya prosesa zenyewe, mwaka 2005 na 2006. Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet, Israeli, akaandika KVM kwa kutegemea uwezo huo, na Februari 2007 ikatoka ndani ya Linux 2.6.20. Historia nyingi za jambo hili zinafikia kilele hapo, na seva nyingi za leo kweli zinaendeshwa kwa KVM.

Mimi hapo ndipo ninapogombana nazo. KVM ilitaka prosesa mpya. Pentium 4 ya Shangazi haikuwa na uwezo huo, wala kompyuta nyingi za mtumba tulizozijua. Ukiisoma historia hiyo ukiwa Nakuru unaona imeandikwa na watu wanaonunua mashine mpya.

Tarehe yangu mimi ni mwezi mmoja kabla. Januari 2007, innotek, kampuni ndogo ya Weinstadt, Ujerumani, ilifungua msimbo wa VirtualBox chini ya leseni ya GPL. Yenyewe haikudai prosesa mpya. Iliziacha amri za kawaida zipite moja kwa moja, ikazichunguza na kuzirekebisha zile za hatari, na penye ugumu zaidi ikamwita mkalimani aliyetokana na QEMU ya Bellard. Kazi yake ilikuwa wazi, wakaichukua. Bila hilo, mimi na mtihani wangu tungeachana.

Nilimpa mgeni nusu ya memori ya mashine, megabaiti 256. Ubuntu ilichukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kuwaka. Lakini iliwaka.

Wenye mali nao wakawa wanabadilika. Sun ilinunua innotek mwaka 2008. Januari 2010 Oracle ikaimeza Sun, na kufikia Mei jina la Oracle lilikuwa kwenye dirisha langu. Niliogopa, na haikuwa bure. Mwaka huohuo OpenSolaris ilisimamishwa, na watengenezaji wengi wa OpenOffice wakaondoka kuanzisha LibreOffice. VirtualBox ilibaki. Desemba ikagawanywa: kiini chini ya GPL, na nyongeza kadhaa chini ya leseni nyingine.

Desemba 2019 likaja toleo 6.1, na ile njia ya kubeba wageni bila msaada wa prosesa ikaondolewa. Ninawaelewa waliofanya hivyo. Msimbo wa zamani ni mzigo, na prosesa za aina ile zilikuwa zimekuwa chache. Mashine ya Shangazi yenyewe ilikuwa imeshakufa zamani. Hata hivyo nilisoma tangazo lile mara mbili.

Nilikumbuka Jumamosi moja ya mwanzo wa 2010. Mama wa viazi alikuja na risiti yake ya mwisho, imekunjwa ndani ya leso. Niliingiza malipo yake kwenye jedwali huku dirisha la pili likiwa wazi pembeni, Ubuntu imekwama katikati ya jambo nililokuwa nimeliharibu usiku.

"Na hii nyingine?" Shangazi akauliza.

"Hiyo ni ya kuvunja, Shangazi. Yako ni hii."

Akavuta kiti, akaanza kunisomea majina.