Kuonja pombe ya ndizi na mtama: namna ya kuijua iliyo nzuri, iliyo kali na inayokaribia kuharibika

Msikilizaji wetu mmoja wa Kakonko alituandikia ujumbe wa simu. Siku ya gulio alinunua madumu mawili ya pombe ya ndizi kwa ajili ya kuuza kilabuni kwake. Aliyaonja yote mawili, yote yakampendeza. Kesho yake jioni dumu moja lilikuwa siki na wateja wakarudisha vikombe. Swali lake lilikuwa fupi: "Kuna namna ya kujua mapema?"

Ipo, na haihitaji mashine. Inahitaji pua, ulimi, kikombe safi na utaratibu. Wapo wasikilizaji wetu wasiokunywa kabisa, kwa imani au kwa hiari yao, na hatumshawishi mtu aanze. Lakini katika nyanda za juu za Kigoma pombe hii ni ada ya shule, ni karamu ya mahari, na ni malipo ya watu waliokuja kusaidia kulima. Kina mama wengi wanaipika, na dumu moja likiharibika ni hasara inayoonekana nyumbani.

Kadi ya alama 50

Kuonja kwa kupima ni kazi inayojulikana duniani. Marekani kuna mpango wa kufundisha na kuthibitisha waamuzi wa bia, BJCP, ulioanzishwa mwaka 1985. Waamuzi wake hutumia kadi ya alama 50. Harufu ina alama 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywaji mdomoni 5, na alama 10 zilizobaki ni za jumla: je, ungependa kikombe kingine cha bia hii?

Angalia hapo kwenye mwonekano. Alama 3 tu kati ya 50. Kwetu gulioni mtu hufungua dumu, akaona povu jingi, akatoa hela. Povu linakuambia kwamba hamira bado inafanya kazi, basi. Pombe yenye povu zuri inaweza kuwa imeanza kuharibika, na iliyotulia bila povu inaweza kuwa tamu sana.

Miongoni mwa bia ambazo waamuzi hao huzipima kuna moja kali na chungu inayotengenezwa kwa shayiri iliyochanganywa na nafaka iitwayo rai. Rai ni jamaa ya ngano, hulimwa kwenye baridi, hasa Ujerumani, Poland na Urusi. Huipa bia uzito mdomoni na ladha ya nafaka yenye ukali kidogo kama wa viungo. Uchungu hutoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa. (Mmea huo ni wa ukoo mmoja na bangi, ingawa haulevyi kwa namna hiyo.) Kileo chake huwa kati ya asilimia 5.5 na 8. Ukilinganisha, Kilimanjaro ya chupa ina asilimia 4.5 na Safari 5.5.

Tumeitaja bia hiyo kwa sababu ina mambo matatu yanayovutana: nguvu, uchungu na nafaka. Mwamuzi hujiuliza kama kuna moja linaloyameza mengine. Pombe yetu ya ndizi na mtama hupimwa kwa swali hilohilo. Ndizi huleta utamu na nguvu, mtama huleta ladha ya nafaka na rangi, na ukakasi wa ndizi za pombe pamoja na mtama mwekundu hushika nafasi ya uchungu. Kilimanjaro wenzetu wana mbege, ya ndizi na ulezi, na wao hutia gome la mti wa msesewe ili iwe chungu. Hiyo ndiyo hopsi yao.

Tofauti moja ni kubwa. Hopsi huzuia bakteria wengi wanaochachusha kinywaji, na bia ya kiwandani huchujwa na kupashwa moto ikiwa chupani. Ndiyo maana hukaa miezi. Yetu hainywewi wiki ijayo. Ukiipima asubuhi, umeipima ya asubuhi hiyo.

Ilivyotengenezwa ndivyo inavyoonjeka

Burundi wanaiita urwarwa, Rwanda urwagwa, Bukoba rubisi. Njia hazipishani sana. Ndizi zilizokomaa huvundikwa siku kadhaa, shimoni au juu ya moshi, mpaka ziive. Humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa mti, juisi ikachujwa na kuongezwa maji. Mtama hukaangwa, husagwa, hutiwa humo, kisha chombo hufunikwa siku moja hadi tatu.

Kila hatua huacha alama yake ulimini. Ndizi ambazo hazikuiva vizuri huacha ukakasi unaobana mashavu, na juisi yake ni kidogo. Shimo lenye moshi mwingi huacha harufu ya jiko, ambayo wengine huipenda na wengine huikataa. Hiyo si kasoro, ni suala la kuelewana na mteja. Mtama uliokaangwa vizuri hunukia kama mkate ulioiva. Ulioungua huacha uchungu mkavu unaobaki kooni. Maji yakizidi, ladha hukatika ghafla mara tu unapomeza, kana kwamba kinywaji kimekimbia.

Kama mpishi anatumia mtama ulioota, yaani kimea, vichipukizi na vijizizi viondolewe kwa kusugua baada ya kukauka, kabla ya kusaga. Machipukizi ya mtama yana asili ya sumu ya sayanaidi. Wapishi wazoefu huyaondoa kwa sababu ya ladha tu, na kwa kufanya hivyo wanawakinga wanywaji.

Ndizi zenyewe nazo ziangaliwe. Ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, huivisha ndizi kabla ya wakati na kuzifanya ziwe na rangi ya kahawia ndani. Ndizi hizo hazitoi juisi ya maana, na kuzisafirisha kwenda kukamuliwa ni kuupeleka ugonjwa shamba jingine.

Namna ya kuonja

Onja asubuhi, kabla ya kula pilipili, kuvuta sigara au kunywa chai ya tangawizi. Tumia kikombe cha kioo au cha bati nyeupe kisichonuka sabuni. Tikisa dumu taratibu kwanza, kwa sababu ya juu na ya chini si pombe moja. Mimina robo kikombe tu.

Anza na pua. Funika kikombe kwa kiganja, zungusha mara tano au sita, fungua na unuse papo hapo. Harufu iliyokusanyika chini ya kiganja ndiyo itakayokupa habari za kesho. Harufu nzuri ni ya ndizi mbivu, mkate, asali kidogo, pengine karafuu. Usishangae: hamira peke yake inaweza kutoa harufu ya ndizi. Kusini mwa Ujerumani kuna bia ya ngano inayonukia ndizi, na hakuna ndizi hata moja iliyoingia humo.

Hapa ndipo lilipo jibu la msikilizaji wetu. Kabla pombe haijawa siki, mara nyingi hutoa harufu kali inayofanana na rangi ya kucha au gundi. Haichomi ulimi bado, na ukinywa kwa haraka hutaigundua, hasa kama ni baridi. Lakini chini ya kiganja hujitokeza. Ukiipata, usinunue kwa kuuza kesho. Kama ni ya kunywewa saa hiyohiyo kwenye shughuli, patana bei upya.

Harufu nyingine za kukataa: yai bovu lisiloisha hata baada ya kikombe kukaa wazi dakika kumi, ukungu au gunia lililoloa, mafuta ya taa, dawa ya shamba. Hizo mbili za mwisho hutoka kwenye dumu. Dumu lililowahi kubeba dawa halioshwi likawa la pombe.

Sasa ulimi. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni mpaka lifike kila upande, vuta hewa kidogo, kisha uteme. Ndiyo, uteme. Mnunuzi anayemeza kila funda katika madumu kumi, la kumi analipima akiwa amechangamka, na kila kitu kitamu kwa aliyechangamka. Suuza kwa maji kati ya dumu na dumu.

Fuata mpangilio: utamu kwanza, kisha uchachu, kisha ukakasi na uchungu, mwishowe joto la kileo kooni. Utamu mwingi pamoja na povu jingi maana yake pombe ni changa; itaendelea kupanda nguvu ndani ya dumu lako, na ukilifunga sana litavimba. Uchachu kama wa maziwa mgando ni wa kawaida na wengi huupenda. Uchachu unaochoma pua na koo ni wa siki. Tofauti hiyo ijifunze kwa kuweka kikombe cha maziwa mgando na kijiko cha siki mezani siku moja na kuvinusa kwa zamu. Ni dakika tano, na utaikumbuka miaka.

Kuhusu hisia mdomoni, sisi tunaiwekea uzito kuliko kadi ya Wamarekani. Mnywaji wa kwetu anataka pombe iliyoshiba. Alama 5 ni chache mno kwa kinywaji chenye unga wa mtama ndani yake.

Nguvu yake

Ulimi si kipimo kizuri cha kileo, kwa sababu utamu hukificha. Njia ya uhakika ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea. Juisi yenye sukari nyingi hukiinua juu. Sukari ikigeuka kileo, kinazama. Ukisoma 1.060 kabla ya kuchachuka na 1.012 baadaye, tofauti ni 0.048. Zidisha kwa 131.25, unapata asilimia 6.3. Chuja kabla ya kupima, kwani unga wa mtama huvuruga usomaji. Kikundi cha wapishi kinaweza kununua kimoja na kukitumia kwa zamu.

Nusu lita ya pombe ya asilimia 6.3 ina kileo sawa na nusu lita ya Kilimanjaro na zaidi ya theluthi yake. Anayeendesha pikipiki kurudi kijijini aihesabu hivyo. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari kwa afya, na mama mjamzito hapaswi kunywa kabisa.

Yasiyoonjeka

Hapa tunaomba umakini zaidi. Januari 2015, Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyotolewa msibani. Uvumi wa mwanzo ulisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha sumu inayotengenezwa na bakteria, iliyotokana na unga wa mahindi ulioharibika. Waliokunywa hawakuwa na namna ya kuitambua kwa ladha.

Sumu ya ukungu kwenye nafaka, aflatoksini, nayo haina ladha, na kukaanga mtama hakuiondoi yote. Kwa hiyo uonjaji huanza ghalani. Nafaka iliyolowa mvua, yenye ukungu au iliyobadilika rangi haifai kwa pombe, ingawa wengi husema "itachachuka tu". Ndoo za mabati nazo ziepukwe: uchachu huyeyusha zinki, na mnywaji hutapika akadhani amelewa. Tumia chungu, mti au plastiki ya chakula.

Methanoli ni habari nyingine. Katika pombe ya kuchachusha tu huwa kidogo. Hatari kubwa iko kwenye gongo na kwenye pombe iliyoongezwa spiriti ili ionekane kali. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza watu wengi kwa vileo vya namna hiyo. Pombe ya ndizi inayochoma kama moto lakini haina harufu ya ndizi wala ya mtama, temea mbali. Mtu akinywa, kisha saa kadhaa baadaye au kesho yake akaona ukungu machoni, akapata maumivu makali ya tumbo au kupumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri alale kwanza.

Kurudi kwa msikilizaji wetu

Tulimpigia simu. Alisema dumu lililoharibika lilikuwa limepungua, kama robo lilikuwa tupu. Hilo lilitosha. Bakteria wa siki wanahitaji hewa, na dumu lisilojaa limejaa hewa. Akinunua ambalo halijajaa, alihamishie kwenye madumu madogo yaliyooshwa kwa maji ya moto, ayajaze mpaka shingoni, ayaweke kivulini, na kifuniko kilegezwe kidogo ili gesi itoke.

Tulimshauri pia atumie simu yake. Kwa kila dumu aandike ujumbe ajitumie mwenyewe: siku, mpishi, harufu, ladha, alama kati ya 50, na siku lilipoharibika au kuisha. Amekwisha kuandika ya madumu sita. La juu kabisa amelipa 38, la mama mmoja wa kijiji jirani anayekaanga mtama wake kidogo kidogo kwenye kigae, na sasa analiagiza kabla ya siku ya gulio.